Kadi ya Bibi Ilisema Hana Malalamiko

Zuhura amekuja darasani wiki hii mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya plasta, kwa kuwa alianguka kwenye baiskeli ya kaka yake, na wasichana wote wakamzunguka na kalamu zao wakitaka kuandika majina. Mimi nilisogea kama wengine. Kisha ikanijia ile harufu, harufu ya chokaa mbichi iliyochanganyika na jasho, nikatoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka kengele ikalia. Zuhura akanifuata. "We, una nini? Umenionea kinyaa?" Nikamwambia sina neno. Siku ya tatu leo hiyo "sina neno" imenikaa kooni. Kwa mdomo siwezi, mnanijua nilivyo. Kwa kalamu naweza. Basi someni, wenzangu wa darasani, na atakayetaka kucheka acheke akishamaliza.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Likoni, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga. Si mkunga wa cheti, mkunga wa mikono. Aliitwa na wake za wenye maduka, aliitwa na Wadigo wa mashambani, aliitwa na wake za wapishi wa hoteli za upande wa Shelly Beach, na kote huko alikwenda kwa miguu, buibui limekunjwa kiunoni na kijikapu chake mkononi. Watu walimjua kwa mwendo. Mama alikuwa akisema, "Yule mama yangu haji nyumbani, hupita tu."

Mara moja moja alinichukua nimbebee kapu, nikakaa mlangoni na mgongo wangu kwa chumba. Sikuona kitu, lakini nilisikia. Bibi akiingia hamuulizi mwenye uchungu kitu. Anatoa salamu zake zote, za mama mtu, za mume mtu, za mtoto aliyekwenda Unguja. Anaomba maji ya kunywa. Halafu anaweka mkono tumboni kwa yule mwanamke na ananyamaza, ananyamaza mpaka wewe uliye mlangoni unaanza kuona haya. Na mwanamke mwenyewe ndiye anayeanza: "Bi mkubwa, uchungu wanikata huku, kisha wanivuta huku." Ndipo Bibi anasema, "Haya. Endelea."

Alfajiri ya Jumatatu moja akirudi kutoka kuzalisha, aliteleza kwenye mawe ya kisimani yaliyolowa, na mfupa wa muundi ukavunjika. Walimleta nyumbani juu ya kitanda cha kamba. Mama alilia. Bibi hakulia, alisema tu, "Nifunikeni miguu, wanaume wapo."

Ilikuwako hospitali ndogo upande wetu huu, wodi moja ya wanaume na moja ya wanawake, paa la bati. Siitaji jina, wala hamna haja ya kuitafuta. Daktari alivuka kutoka kisiwani kila Jumatatu, na siku nyingine zote hospitali ilikuwa mikononi mwa Sista, mwanamke wa Kizungu mrefu, nguo zake nyeupe mpaka zinaumiza macho, ambaye alitembea kana kwamba sakafu inamuunguza. Jumatatu hiyo Daktari alimnyoosha Bibi mguu na kumtia plasta kutoka vidoleni mpaka gotini. Akasema atalala hapo mwezi mmoja na nusu. Mama alikuwa na mdogo wangu mchanga nyumbani, na shule ilikuwa imefungwa, kwa hivyo mimi ndiye niliyepewa kazi ya kushinda na Bibi kutoka asubuhi mpaka jioni, kumpepea, kumpa maji, kufukuza nzi. Nilifurahi. Kazi ya kukaa kimya nilikuwa naiweza.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa kila asubuhi. Sista anaingia, anaanza kitanda cha mlangoni. Miguuni mwa kila kitanda kimening'inizwa kibao, na juu ya kibao imebanwa kadi. Anafika kwa Bibi. "Jambo, mama! Hujambo?" Bibi anavuta kanga yake kichwani, kwa sababu hawezi kumjibu mtu kichwa wazi, na anasema, "Sijambo, alhamdulillahi." Sista anaandika maneno mawili kwenye kadi na kuondoka. Naapa kuna siku alikuwa ameshafika kitanda kinachofuata na Bibi bado hajamaliza alhamdulillahi yake.

Nyinyi ni watu wa pwani, sina haja ya kuwaeleza. Nani kati yetu ameulizwa hujambo na mtu mwenye heshima zake akamjibu kwa kulia? Mtu anakata roho na bado anasema hajambo. Kwanza sijambo, kisha habari za nyumbani kwako, kisha watoto, kisha huyo aliyekuwa safarini, na mwisho kabisa, wakati mwenzio ameshakaa vizuri, ndipo unaposema, "Ila nina kijineno." Na hicho kijineno ndicho ugonjwa wenyewe. Sista hakuwahi kukisikia kijineno cha mgonjwa hata mmoja katika wodi ile. Alikuwa kama mtu anayebisha hodi mlangoni, akajibiwa karibu, akageuka akaenda zake, kisha akaandika kwenye kadi kwamba nyumbani hakuna mtu.

Na mimi? Mimi nilikuwa nikisoma kadi. Nilikuwa nimeanza Kiingereza shuleni na nilijiona msomi. Yale maneno mawili, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, yalikuwa yale yale: hana malalamiko. Na nilifurahi, wallahi nilifurahi, kwa sababu nilidhani kadi ile ni ripoti. Ripoti kama yetu ya shule. Muhula ule ule mwalimu alikuwa ameandika kwenye yangu kwamba mimi ni mtulivu na sina matata, na Mama aliikunja akaitia kwenye sanduku pamoja na nguo zake za sikukuu. Kwa hivyo nilimtazama mama mmoja wa kitanda cha pili, aliyekuwa akipiga kelele usiku na mchana, nikasema moyoni, huyu ataanguka mtihani. Bibi yangu atafaulu. Bibi atatoka hapa na kadi safi.

Siku ya tatu mchana, wodi imelala, Bibi aliniita nisogee.

"Ndoo, mwanangu."

"Abee, Bibi."

"Hiki kisigino chanichoma. Ndani humu."

Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nilimpepea. Siku ya nne aliniambia, "Leo chawaka, kama nimekanyaga kaa la moto." Siku ya tano, "Chapwita. Nasikia mpaka kwenye meno." Siku ya sita hakuweza kula, na alikuwa ameuma ncha ya kanga mpaka imetoka matundu. Nikamuuliza nimwite mtu? Akasema, "Asubuhi atakuja yule, ataniuliza." Alingoja kuulizwa! Bibi yangu, aliyewangoja wanawake wa Likoni nzima mpaka wakasema, alilala pale akingoja mtu mmoja amtendee na yeye vivyo hivyo. Asubuhi akaja yule. Jambo mama, hujambo. Sijambo, alhamdulillahi. Maneno mawili kwenye kadi.

Mimi nilisimama pale pale, mkono wangu umeshika chuma cha kitanda. Ningeweza kusema. Kiswahili cha Sista kilikuwa kibovu lakini neno "mguu" alilijua. Sikusema. Naandika hivi ili mjue: sikunyamaza kwa woga peke yake. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka aichafue ripoti ya Bibi.

Jumatatu ya pili Daktari alivuka. Alikuwa na haraka. Alisimama miguuni mwa Bibi, akasoma kadi kutoka juu mpaka chini, akatabasamu, akasema neno la kumsifu, na akaenda. Hakuugusa mguu. Siku hiyo hiyo Bibi aliniambia, "Kisigino kimenyamaza. Kimekufa ganzi." Na mimi nikarudi nyumbani mbio kumwambia Mama kwamba Bibi amepona.

Jumatano alikuja Kadzo.

Kadzo alikuwa msaidizi wa wodi, msichana wa Rabai, Mkristo, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alikuwa amekwenda kwao kumzika baba yake mdogo, na zile siku alizokosekana hakuna aliyewaosha wagonjwa ila jamaa zao. Kazi yake ilikuwa maji, mashuka na vyombo vya haja. Lakini mfukoni alikuwa na daftari dogo ambamo aliandika maneno ya uuguzi, Kiingereza upande mmoja na upande mwingine vile wagonjwa wanavyosema wenyewe, kwa sababu alitaka kufanya mtihani awe muuguzi kamili. Alikuwa akiwauliza wagonjwa maneno kama mtu anayenunua viungo sokoni, anaonja kwanza.

Aliweka karai lake la maji chini ya kitanda cha Bibi, akapiga goti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Za kwenu?"

"Za kwetu tumemaliza matanga jana. Tumeshukuru. Wewe za huku?"

"Njema, alhamdulillahi. Poleni sana. Alikuwa nani?"

"Baba mdogo. Na huyu ni mjukuu? Mbona amekonda hivi, mwamlisha upepo?"

Bibi akacheka. Mara ya kwanza kucheka tangu aanguke. Kadzo alikuwa anamuosha mikono huku wakizungumza, kidole kwa kidole, hana haraka. Wakazungumza matanga, wakazungumza bei ya nazi, wakafika kwenye uzazi, kwa sababu Kadzo alikuwa amesikia kwamba Bibi ni mkunga. Halafu kwa sauti ile ile Kadzo akasema, "Na huu mguu nao wasemaje?"

"Mguu una kijineno," akasema Bibi. "Ulikuwa ukiniwaka moto huku kisiginoni. Siku tatu, nne. Kisha umepwita. Sasa umenyamaza."

Mkono wa Kadzo ukasimama. "Umenyamaza tangu lini?"

"Tangu juzi."

Kadzo alilisogeza karai kando. Aliinama akaweka pua yake kwenye plasta, pale kisiginoni, kama mtu anayenusa samaki. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. Mimi pia ile harufu nilikuwa nimeisikia tangu jana yake, na nilidhani ni ya kitanda. Akaiangalia kadi. Akaisoma yote. "Hana malalamiko," akasema, polepole, kisha akasema tena, na mara ya pili haikuwa sauti ya mtu anayesoma.

Alimwita Sista. Nakumbuka jambo la kwanza Sista alilomwambia. Hakuuliza mguu una nini. Alimwambia, "Nani nasema wewe soma kadi? Kazi yako maji."

"Ndiyo, Sista," akasema Kadzo. "Nusa hapa."

Plasta ilikatwa na mkasi mkubwa wa chuma, ikipasuka kama ganda la mhogo mkavu. Sitaandika yote niliyoyaona. Kisigino cha Bibi kilikuwa cheusi, na katikati palikuwa na shimo, na ndani ya shimo kilionekana kitu cheupe nilichodhani ni kipande cha plasta. Hakikuwa plasta. Bibi hakusikia hata kidogo walipopagusa. Alikuwa ananitazama mimi, ananiuliza kwa macho wameona nini, na mimi nikaangalia paa.

Sista alikuwa amebadilika rangi. Nitakuwa mkweli, nadhani alihuzunika. Lakini huzuni yake ilitoka na hasira, na hasira ilimwendea aliyelala.

"Mama, kila siku mimi nauliza wewe! Kila siku wewe nasema sijambo! Kwa nini hapana sema?"

Bibi alivuta kanga yake. "Mwanangu," akasema, "kila siku uliniamkua, na mimi nikakujibu. Hujaniuliza."

Kadzo alilifasiri neno lile kwa Kiingereza. Sista akatikisa kichwa, akasema huu si wakati wa maneno, na kwamba ataandika kuwa mgonjwa alificha maumivu yake. Akaenda ofisini kumpigia Daktari simu.

Alificha! Bibi yangu hakuficha. Alisema kila siku, na kwa maneno bora kuliko ya wote waliokuwa mle ndani. Aliniambia mimi. Mimi ndiye niliyeficha, na sasa kadi ilikuwa inakwenda kuandikwa kwamba yeye ni mwongo. Nikaichukua kadi kibaoni. Kibao kikaanguka kwa kishindo. Kadzo aliniona. Nilidhani ataninyang'anya, lakini alichomoa penseli yake nyuma ya sikio akanipa, kisha akanigeuzia mgongo akawa anakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Niliandika kwa mwandiko wangu wa shule, kando ya kila siku. Kando ya siku ya tatu: kisigino kinamchoma. Ya nne: kinawaka kama kaa la moto. Ya tano: kinapwita mpaka kwenye meno. Ya sita: hakula, ameuma kanga. Ya nane: kimekufa ganzi. Na chini, kwa kuwa nilidhani ripoti yoyote lazima iwe na jina la aliyeandika, nikaandika jina langu lote mpaka la babu.

Sista aliporudi aliikuta mkononi mwangu. Akampa Kadzo. "Hii nini? Soma."

Kadzo alisoma. Alisimama wima na daftari lake la maneno likiwa bado mfukoni, hakulihitaji, na kila neno la Bibi akalitilia neno lake la Kiingereza, la kuchoma kwa lake, la kupwita kwa lake, la ganzi kwa lake, kwa sauti yake ile kubwa, mpaka wagonjwa wote wakaamka na yule mama wa kitanda cha pili akanyamaza. Sijui kama aliufanya ule mtihani wake baadaye. Kwangu mimi aliufaulu pale.

Kwa kitambo kidogo nilidhani imetosha. Nilidhani mtu mzima akishaambiwa jambo, basi amelijua, na akishalijua atalifanyia kazi. Sista alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kadi ya hospitali si kitabu cha watoto kuchorea, akaenda kabatini akatoa kadi mpya. Akakaa. Akanakili. Siku ya kwanza, hana malalamiko. Siku ya pili, hana malalamiko. Wino mmoja, mwandiko mmoja, mstari kwa mstari, bila kukosea, mpaka ya tisa. Ya kumi akaandika kuwa mgonjwa alificha maumivu. Kadzo ndiye aliyeambiwa aifunge kwenye machela ya kumpeleka Bibi kisiwani, na ndiye aliyenisomea sikioni kilichoandikwa. Kadi yangu ilikwenda kuchomwa pamoja na mabendeji. Kadzo mwenyewe, kabla wiki haijakwisha, alihamishiwa kufua nguo.

Kadi ile safi ilivuka feri pamoja na Bibi. Huko kisiwani walijitahidi, hilo silikatai, lakini mfupa ulikuwa umeshaoza, na mguu ukakatwa chini ya goti.

Kinachonichoma hata leo ni yale yaliyosemwa baadaye, tena na watu wetu wenyewe, barazani, kahawa mkononi. "Ni majaliwa." "Wamejitahidi, maskini." "Sasa yule Sista angejuaje, na Bi mkubwa mwenyewe akisema hajambo?" Mjomba wangu alilisema hili mbele yangu, na watu wakaitikia. Kana kwamba kosa ni adabu ya Bibi! Kana kwamba mtu aliyeajiriwa kuwauguza watu wa Likoni hakupaswa kujua hata vile watu wa Likoni wanavyojibu salamu! Juzi bendera mpya ya uhuru imepanda na tunaambiwa mambo hayo yamekwisha. Yamekwisha kwa nani? Zuhura ananiambia yule aliyemtia plasta hakumuuliza kitu ila "upo sawa?", na alikuwa Mwafrika mwenzetu. Zuhura alijibu yupo sawa. Nimemwandikia kikaratasi leo, nimekitia ndani ya kitabu chake cha hesabu: ukisikia mahali pamoja panawaka, nenda upige kelele. Usiamkue mtu.

Bibi yuko hai. Hawaendei tena wenye uchungu, wao ndio wanaomjia, wakiinama kushikilia ukuta, na yeye anawapokea kwenye mkeka akiwa amekaa na mguu wake mmoja ameunyoosha. Hapigi kelele, hamlaumu mtu. Nilidhani amesahau. Mwaka jana, alasiri moja anasuka ukili wa mkeka na mimi namchambulia miyaa, nilimwambia. Nilimwambia yote, kwamba kila alichoniambia nilikisikia, kwamba nilijua na nikanyamaza, kwamba niliiogopea kadi. Nilikuwa nalia mpaka miyaa imelowa.

Bibi aliendelea kusuka mpaka akamaliza mstari. Kisha akauweka ukili chini, na sauti yake nilikuwa sijapata kuisikia hivyo, kavu na kali, sauti ya mtu aliyekuwa na hasira miaka yote hii na hajaulizwa.

"Wewe ulikuwa na miaka kumi," akasema. "Na yule mwenye kalamu, yeye alikuwa na miaka mingapi?"